Cheti cha Nasimiyu

Usa River, Arusha
6 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Usicheke, huku hakuna anayeamkia mkubwa bila hiyo na sasa imenishika mdomoni. Hujambo wewe, na mtoto wangu hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, maana wiki hii tumekata waridi za oda kubwa na hata sisi wasimamizi tuliinama na wengine.

Sasa kaa chini kwanza. Kampuni imenunua shamba Ndabibi, huko nyumbani Kenya, ng'ambo ya ziwa Naivasha, na wanataka mimi ndiye niende kusimamia grinihausi zote. Mimi, Baba, niliyeanza kwa kuosha ndoo.

Nyumba ya msimamizi ipo na shule iko karibu. Maana yake Januari Mitchelle atahamia kwangu. Alikuwa na miaka miwili nilipovuka mpaka wa Namanga, na leo ana saba. Jumapili iliyopita aliniuliza kwa simu kama huwa ninapenda ugali. Mama mzazi, Baba, anaulizwa na mtoto wake kama anapenda ugali. Nilijibu nikicheka, kisha nikaenda kulia bafuni.

Lakini kuna haraka. Kibali changu cha kazi huku kinaisha tarehe 31 Oktoba. Kama karatasi za Ndabibi hazijatimia kufikia mwisho wa Septemba, kampuni itaniombea kibali kipya hapa Tanzania na kumpeleka mtu mwingine Ndabibi, na kibali ni miaka mingine miwili. Kilichobaki ni cheti cha KRA, watu wa kodi wa huko Kenya, kwamba niko sawa na kodi, pamoja na nakala za zile ripoti unazonipelekea kila Juni. Password unayo wewe, na barua pepe iliyoandikishwa ni ile ya cyber, kwenye kompyuta za Wangechi, kwa hiyo mwambie achape tu. Karatasi za kodi ninayokatwa huku nimekuwa nikikutumia kila mwaka. Kazi ngumu ulishaifanya.

Barua nimempa Naftaly, dereva wetu anayekuja Nakuru kuchukua maboksi. Mpe majibu akipita.

Bintiyo,
Nasimiyu

Lanet
19 Julai 2025

Kwako binti yangu Nasimiyu,

Pokea salamu nyingi. Mimi niko imara, ni goti la kushoto tu linalonitangazia mvua kabla ya redio. Mitchelle hana neno. Anakula, anacheza, ananijibu.

Naftaly anasema unashangaa kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kutangaza msiba na kuomba pesa. Mimi niligonga mihuri posta ya Nakuru miaka thelathini na moja, siwezi kujibu habari kubwa namna hii kwa dakika mbili.

Hongera sana, mama. Marehemu mama yako angepiga vigelegele mpaka kambi ya jeshi isikie. Kuhusu hicho cheti, cyber ya Wangechi imefungwa, wanasema ni mambo ya netiweki. Tusisukumane. Haraka haraka haina baraka.

Mitchelle amekuwa wa tatu darasani. Mwalimu anasema mtoto akihamishwa wakati kama huu anarudi nyuma. Halafu wamemchukua kwaya ya watoto kanisani, yeye ndiye anaanzisha wimbo. Uji wake anautaka kwenye kikombe cha bati, cha plastiki hakigusi, na halali mpaka nimkague masikio. Na hiyo Ndabibi nasikia ina baridi na vumbi kwa pamoja. Mimi nasema tu.

Baba yako,
Joash Sitati

Usa River
9 Agosti 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo tena. Goti linaendeleaje? Paka ile dawa niliyokutumia, usimpe jirani. Mimi sijambo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta cheti. Nimepata kwaya, nimepata uji, nimepata vumbi la Ndabibi, mahali ambapo hujawahi kukanyaga. Cheti sikukiona. Baba, netiweki gani hiyo inayofunga cyber wiki tatu? Kama Wangechi hayupo, Lanet haikosi cyber nyingine.

Mhasibu wa kampuni ananiuliza kila Jumatatu. Ni mtu mpole, lakini upole wake umeanza kupungua. Anasema atakayekabidhiwa shamba zima lazima ripoti zake za kodi zisomeke sawa na mshahara aliolipwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yangu alikuwa mtu wa posta, hajawahi kupeleka kitu vibaya.

Tafadhali Baba. Nakuomba kama mtoto.

Bintiyo,
Nasimiyu

Usa River
30 Agosti 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Naftaly amepita kwako mara mbili na kurudi mikono mitupu. Anasema mara ya pili ulimpa chai na mandazi, ukamuuliza habari za watoto wake wote, ukamsindikiza hadi barabarani bila barua.

Basi nilimtafuta Wangechi mwenyewe. Cyber yake haijafungwa hata siku moja mwaka huu. Nikamwomba anisomee ripoti zangu. Alisoma polepole, naona alinihurumia. Nil. Nil. Nil. Nil. Nil. Miaka mitano umeiandikia serikali kwa jina langu kwamba Nasimiyu Sitati hana kazi wala kipato. Na watakaozisoma ni watu walewale walionilipa mshahara kila mwezi.

Nimekasirika, sitakuficha. Nilikuwa nakutumia karatasi zile zikiwa na mihuri, nikijua ziko kwa mtu makini kuliko wote ninaowajua. Kumbe uliziweka wapi? Na kwa nini ukanidanganya? Imebaki siku thelathini na moja. Zikipita, nitarudi Mitchelle akiwa na miaka tisa, na wakati huo hata swali la ugali hataniuliza tena.

Nasimiyu

Lanet
4 Septemba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Nakusalimu kwa aibu. Afya ninayo, amani sina. Mitchelle ni mzima na hajui lolote.

Mficha uchi hazai, acha niseme. Karatasi zako zote ziko kwenye bahasha moja chini ya Biblia, hakuna iliyokunjwa. Mwaka ule wa kwanza nilizipeleka. Msichana wa cyber wa wakati huo akaniuliza, huyu mtu anafanya kazi hapa Kenya? Nikasema hapana. Akasema basi ni nil, ni dakika mbili, au tujaze hizi kurasa zote. Nikaona mtoto wangu anakatwa kodi ugenini tayari, nani tena amkate mara ya pili kwa jasho moja? Nikasema piga nil. Na kila Juni nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikirudi nyumbani kifua mbele kwamba nimekulinda. Kuuliza sikuuliza, mimi mzee wa posta.

Hilo ni kosa la ujinga. La pili si ujinga. Barua yako ya Julai ilipofika, nilifurahi mpaka nikamwita Mitchelle tuombe. Katikati ya maombi nikaelewa kwamba Januari utakuja kumchukua. Nikamwangalia amefumba macho, nikasema amina kabla sijamaliza. Tangu mama yako afe, huyu mtoto ndiye ananiamsha. Ananiita Kuka siku nzima, kama wewe ulivyomwita babu yako, Kuka hiki, Kuka kile, mpaka nachoka, na akienda shule nakaa nikisikiliza geti. Nikajua kwa Wangechi nil zitaonekana, nikajua pia kwamba nikikawia kidogo, tarehe zitanifanyia kazi yangu. Ndiyo, nilifikiria hivyo. Nisamehe.

Juzi nimeenda ofisi ya kodi mjini Nakuru na bahasha yangu, nimevaa koti. Kuna mama pale anaitwa Chelangat. Nilimweleza yote, hata hilo la pili ambalo halikumhusu. Akaniambia, "Mzee, hakuna mtu alikuwa anataka kumkata mara mbili. Kodi aliyokatwa kule inahesabiwa hapa, ukileta tu hizi karatasi." Miaka mitano nimezilalia.

Ripoti zinasahihishwa mwaka kwa mwaka. Tumemaliza nne. Karatasi ya 2022 muhuri wake umefifia, hausomeki. Tuma nyingine upesi. Nimelikoroga, nitalinywa.

Baba yako,
Joash

Usa River
12 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na wewe lala usingizi sasa.

Nilisoma barua yako nimesimama stoo, katikati ya ndoo, na hasira yote ikaniishia miguuni. Nimetafuta kitu cha kukugombeza nacho nikakosa. Hata mimi nilipoondoka Lanet ile asubuhi, nilikuwa nataka kibali kikataliwe pale Namanga ili nirudi kwenu. Sikuwahi kukuambia.

Karatasi ya 2022 hii hapa, muhuri mpya, mhasibu ameugonga kwa nguvu mpaka meza ikalia. Ripoti nne ulizosahihisha ameziona na ameridhika. Akipata ya tano na cheti, mkataba unasainiwa. Mwisho ni tarehe thelathini, hataongeza hata siku.

Njoo Ndabibi uishi nasi, Baba. Vyumba ni vitatu. Nasema kwa moyo, si kwa huruma.

Bintiyo anayekupenda,
Nasimiyu

Lanet
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Binti yangu mpendwa,

Salamu sana. Goti limetulia. Mitchelle ameshaenda shule, ameacha uji nusu.

Kuishi Ndabibi sitaweza. Nyumba hii tulijenga na mama yako bati kwa bati, siwezi kuiachia panya. Nitakuwa nakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, na usinipikie kama mgeni.

Ripoti ya tano imepita. Cheti kilitoka Ijumaa saa nne asubuhi. Wangechi alitaka kukutumia palepale. Nikamwomba achape, nikamwambia nitakuletea habari mwenyewe. Nikakipeleka nyumbani, nikakiweka juu ya kabati, sikukwambia. Safari hii nasema bila kuulizwa: siku tatu nimezichukua makusudi. Ijumaa nilimtoa Mitchelle shule mapema tukala chipsi mjini, akanimwagia soda kwenye koti. Jumamosi tulifua pamoja, nikamfundisha kufunga kamba za viatu vyake bila mimi. Jumapili alianzisha wimbo kanisani na nikalia mbele ya watu, mchungaji akadhani ni Roho. Jioni nikamwambia mama yake anarudi, anakuja kumchukua. Akauliza, "Na wewe Kuka, nani atakukagua masikio?" Nikamwambia nitajikagua. Hakuniamini.

Tarehe thelathini haijafika, mkataba wako haujaguswa. Naftaly yuko hapa mezani, bahasha ya cheti iko mkononi mwake, na nimemnyima kikombe cha pili cha chai ili aondoke kabla sijamwomba anirudishie.

Baba yako,
Joash Sitati