Sahani Niliyomaliza

Mpenzi Zulekha,

Huku Ilongero mvua imetosha, alizeti imechanua mpaka kando ya barabara. Mama anakusalimu.

Bado naikumbuka siku ile mezani kwenu mjini. Kwetu kubakiza chakula ni kumdharau mpishi, nikamaliza pilau yote. Kumbe kwenu sahani ya mgeni ikiwa tupu ni aibu, mama yako akaongeza. Nikamaliza, akaongeza tena, wote kwa heshima. Nilipoondoka baba yako akakwambia sisi Wanyaturu ni walafi, wanafuata mali tu.

Nasikia harusi yako huko Tabora ni Ijumaa.

Siku hizi nabakiza ugali kidogo kila mlo, kama mnavyofanya kwenu. Mama ananuna, nami nabakiza tena.

Ni mimi,
Peniel