Mzega darasani

Jumatano, baada ya Magharibi

Kelele nakubali zilikuwepo. Lakini ndizo nilizokuwa nikizitaka.

Tangu mwezi uliopita nawaambia wanafunzi wafanye majaribio wenyewe kwa makundi, nao wananingojea mimi niseme jibu ili waitikie kwa pamoja, kama walivyozoea chuoni wakisoma Kurani. Leo nimechoka. Kila kundi nimewapa mzega, mti wa kuchukulia mizigo, wenye debe la maji kila ncha, moja limejaa, jingine nusu, nikawaambia wauchukue begani bila ya maji kumwagika. Kisha nikasimama pembeni.

Watoto wa mjini waliweka bega katikati, wakalowa. Haji, aliyetoka kijijini Paje, akawacheka. "Sogezeni bega kwenye debe zito. Kwetu nani asiyejua hayo?"

"Kwa kiasi gani?" nikamuuliza.

 Wakachukua rula, wakaanza kupima na kubishana, kila kundi na lake.

Ndipo mwalimu mkuu alipoingia. "Maalim, hii skuli au marikiti?"

 Mtihani umekaribia, na mimi mwenyewe nnaogopa kuwa nnawapotezea wakati.

Haji akainuka, akamwelekea mwalimu mkuu. "Shikamoo, maalim. Tafadhali jaribu na wewe."

Akajaribu, na koti lake mwilini. Bega katikati. Viatu vikalowa.  Akasogeza bega kidogo, tena kidogo, mpaka mzega ukatulia, kisha akamgeukia Haji.

"Kwa kiasi gani?" akauliza.