Watoto wa Mfuko Mmoja

Jumatatu, 14 Julai
Nimenyunyiza maji masanduku yote ya buibui. Jike bado kaukumbatia mfuko wake wa mayai, hataki kuguswa. Mke wangu Raya ananung'unika kwamba kila asubuhi buibui wa manyoya wanapata salamu yangu kabla yake. Kweli.
Ijumaa anakuja kaka yangu Seif, kumposea mwanawe binti yetu Zuwena. Kila mtu kafurahi. Zuwena zaidi.

Jumatano, 16 Julai
Nimefungua mfuko. Bora nisingeufungua. Mtoto mmoja ana miguu mitano. Wengine miguu imegandana. Wengi hawana meno, watakufa njaa hata niwasagie chakula. Wazima wachache mno.
Nimejichukia. Dume mpya sikumpata msituni, nikampa jike kaka yake wa mfuko mmoja. Hatari niliijua. Nikasema mara moja haidhuru.

Alhamisi, 17 Julai
Siwezi kuacha kufikiri. Raya ni binti wa ami yangu. Wazee wetu nao walioa kwa ami zao. Hamadi wetu alizaliwa na moyo mbovu, tukamzika kabla ya arubaini. Watu wakasema jicho la husuda. Tukakubali, maana kwa jicho halaumiwi baba wala mama.

Ijumaa, 18 Julai
Seif kaja baada ya sala. Nimemwomba vijana waende kwa daktari kupimwa kwanza. Hakuelewa, nikamwonesha sanduku la wale vilema. Ujinga wangu mtupu.
"Weye watulinganisha na wadudu?"
Halua hakuigusa. Kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 20 Julai
Zuwena kanifuata kwenye masanduku. Kawatazama wale watoto, uso mkavu.
"Baba, miye si buibui. Na yeye si kaka yangu."
Nampenda, naye leo hataki kuniona.

Jumatano, 23 Julai
Vilema wote wamekufa, wengine wamekwama ndani ya ngozi waliyokuwa wakiivua. Nimewafukia nyuma ya jiko.
Seif katuma neno: ndiyo au hapana, na daktari asitajwe. Nikisema hapana, undugu umekwisha. Zuwena hali, hasemi. Naogopa kila upande.

Ijumaa, 25 Julai
Nimesema ndiyo. Ndoa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Zuwena kanibusu mkono. Jikoni wanacheka.
Baada ya magharibi Raya kaja kukaa nami. Kumbe naye aliwaona wale watoto. Kaniuliza kama Hamadi angeishi lau mama yake angeolewa na mtu baki. Nimemwambia sijui. Tumekaa mpaka adhana ya isha, akainuka kwenda kutia udhu.