Mishumaa Mitano ya Perin

Gisenyi, Rwanda
14 Novemba 1999

Mpendwa Masi Khorshed,

Mama yangu mdogo, pokea salamu zangu nyingi kutoka huku ziwani. Vipi magoti yako? Na Mjomba Faramroz, kifua kimempa nafuu? Sisi afya tunayo, mke wangu Dinaz anakusalimu sana. Lakini Masi, nina siku nne nashika kalamu naiweka, naona haya.

Unajua tangu shule ifungwe kwa ajili ya vita, watoto tunawasomesha wenyewe nyumbani. Hesabu na Kifaransa ni kwa Dinaz. Mimi nimebeba dini: sala zetu, habari za wazee wetu waliotoka Uajemi, kusema kweli, kuheshimu moto. Huku hakuna Mparsi mwingine, sembuse kasisi, kwa hiyo binti yetu Perin asipoyapata kwangu hayapati popote. Ameshika sala zote. Alikuwa akihesabu siku tu, uje Desemba na kasisi, aingizwe rasmi katika dini yetu, avishwe fulana na kamba takatifu ulizomtengenezea.

Jumapili iliyopita jirani yetu Habineza, wa forodha pale mpakani, Grande Barrière, alitualika. Binti yake Umuhire na Perin wametimiza miaka kumi katika wiki moja, basi mkewe Mukamusoni akawapikia keki moja, mishumaa mitano upande huu, mitano upande ule. Umuhire akapuliza yake. Perin akafunga mdomo. Ni mimi niliyemfundisha kwamba moto haupulizwi, pumzi ya mtu inauchafua.

Watu wakamwangalia yeye, kisha mimi. Masi, kwa mauaji yaliyoupata mji huu, mtu hapendi kuonekana yuko tofauti. Nikacheka, nikasema, "Ana mafua huyu," nikainama nikaipuliza yote mitano. Wakapiga makofi.

Njiani Perin akaniambia, "Papa, mi siko na mafua." Toka siku ile hafungui daftari la sala. Anasema kama dini yenyewe ni ya nyumbani tu, haitaki. Nimembembeleza, nikamkaripia. Loo, eti mimi ndiye wa kumkaripia!

Jana nilijikaza nikaenda kwa Habineza kumweleza kweli yote. Akanishangaa. "Bon, Behram, si ungesema tu? Tungeiacha iwake mpaka iishe." Mukamusoni naye akaniuliza nimewaona wao ni watu gani. Hakuna aliyenilazimisha, Masi, hata mmoja.

Njoo tu Desemba, nakuomba. Sala Perin anazijua, hana haja ya kufundishwa tena. Ila sina uso wa kumwambia akae mkekani nimsikilize; msikilize wewe, uliyenilea ukanifundisha mimi.

Nisalimie Mjomba na dada Zarin. Mwanetu mdogo Sorab anakubusu mikono. Ahura Mazda awalinde, akupe nguvu ya safari.

Mwanao akupendaye, hata kwa aibu hii,
Behram