Midomo ya Kobe

Dada mpenzi,

Shikamoo. Huku wazima, ila paka kazaa tena kabatini.

Jana kwenye TV wamerudia kile kipindi chetu cha utotoni, cha kobe wa kitambaa. Nimecheka mpaka machozi! Kumbe hajawahi kumwambia mtoto yeyote aoshe vyombo! TV yetu ilikuwa bubu, nawe ukatuapia kwamba unajua kusoma midomo yake. Kila alipofungua mdomo, sisi mbio kwenye masufuria. Sauti yake halisi haina hata ladha. Iliyotulea ni yako. Asante, dada.

Shemeji kaniambia kwamba baada ya upasuaji wa koo, sauti yako haitarudi. Jumamosi nakuja. Wewe chezesha midomo tu, mimi nitaisoma. Hata ikisema vyombo, nitaosha.

Mdogo wako,
mvivu wa zamani