Mashine Iliyohamishwa

Edith, upo? Naandika haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Leo nusura niue mtu. Kwa ule mchoro wangu wa kuboresha katikati ya mji.

Yule mama Bertilla asiyeona, anayeuza karanga sokoni. Ameingia barabarani na basi la Mbeya linakuja. Katikati kabisa, Edith, anatembea taratibu kama yuko uani kwake.

Dereva mmoja wa bodaboda akaacha pikipiki ianguke, akamvuta kwa kitenge. Basi likapita. Karanga zote zimesagwa na matairi.

Nikamkimbilia, hata shikamoo nimeisahau. Akaniuliza, "Mwanangu, mashine ya kusaga imekufa?"

Nikamwambia haijafa, imehamishiwa mtaa wa Kasense wiki hii.

Akasema, "Miaka kumi na tisa, nikiisikia upande wangu wa kulia najua barabara iko mbele, nasimama. Leo sikuisikia. Nikajua bado sijafika."

Bado sijafika, Edith. Na basi lile pale.

Mashine nimeihamisha mimi, nipate njia pana ya viti vya magurudumu. Tuliwauliza wenye maduka, tukawauliza madereva. Yeye hatukumuuliza.

Sijamwambia ni mimi. Nimeogopa.

Nilipomshika mkono kumvusha akasema, "Afadhali ipo ile mashine nyingine ya karibu na kanisa. Hiyo ndiyo inanifikisha nyumbani."

Ile ya kanisani inang'olewa Jumatatu. Nimeshasaini.