Neno Nililoliruka Kwenye Cheti Chako

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo.

Shoga yangu Mwajuma,

Barua zote nilizowahi kuandika, za kwetu Masasi na hata zile nilizokuwa nawaandikia majirani, zilianza kwa kumuuliza mtu hali. Hii nimeikalia tangu asubuhi na nimeshachana karatasi mbili, maana wewe siwezi kukuuliza hali. Basi nianze na habari za huku.

Soko jipya limefunguliwa. Lile jengo tulilokuwa tukiliona linapanda kila tukienda kununua nyanya, sasa watu wamo ndani wanauza, na sehemu nyingine iko chini ya ardhi kabisa, unashuka ngazi. Mama yako siku ya kwanza aligoma kushuka. Alisema chini ya ardhi atakwenda siku moja tu na hana haraka ya kuizoea. Bwana Seifu bado anashona barazani kwenu, na kila mteja lazima aambiwe kwamba anayempima kiuno ni mwigizaji wa sinema. Foleni ya unga kwenye duka la ushirika ni ileile. Zena wako ameng'oka meno mawili ya mbele, Januari anaanza darasa la kwanza. Mimi bado nipo studio, napiga picha za vitambulisho na za maharusi.

Hayo yote ungeweza kuambiwa na mtu mwingine. Mimi nina la kwangu, na nikiendelea kuzungukazunguka hivi sitalisema.

Unakumbuka yule bwana mwenye studio alipohamia ng'ambo na familia yake, akaniachia funguo, ile kamera ya sinema ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, projekta yake, na mikebe minane ya filamu iliyopitwa na muda. Aliacha pia sanduku la vitabu vya Kiingereza. Kimoja hakikuwa na jalada, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje. Kilikuwa cha hadithi za zamani za kutisha. Nilikuwa nakusomea kwa Kiswahili changu cha kubabaisha, wewe umekaa mlangoni na beseni lako la vitumbua, mimi naanika picha. Ile ya mlinzi wa mnara wa taa uliitaka mara tatu. Mkewe amezama baharini, naye mume hakumlilia hata kidogo. Basi kila jioni mke anarudi akichuruzika maji, anakaa mezani mahali pake, hasemi neno. Mwisho mume anamfuata mwenyewe mpaka majini.

Wewe ndiye uliyesema, "Agi, si una kamera? Tuifanye sinema."

Nikakwambia kamera haina sauti.

"Na maiti ana sauti gani?" ukasema, ukacheka mpaka mteja akakimbia.

Basi tukaileta hadithi ya Wazungu Kariakoo. Mnara wa taa hatukuwa nao, mlinzi akawa mtu wa kuonyesha taa treni pale relini Gerezani, naye ni Bwana Seifu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na koti. Nyumba ikawa yenu. Filamu ile ilitaka jua kali, kwa hiyo mzimu wetu ulikuwa unatoka saa tatu asubuhi. Tulitundika kaniki madirishani ili chumba cha mbele kionekane cha jioni, tukaacha mlango wa uani wazi ili mwanga ukupate wewe. Unga wa kukupaka usoni hatukuuthubutu, watu wanaupangia foleni tangu alfajiri. Tukatumia poda ya mtoto. Na maneno ya kusomwa na watazamaji nikayaandika kwa rangi nyeupe kwenye makadi meusi. Wewe ulikuwa umeanza kisomo cha watu wazima, ukaomba kadi moja uiandike mwenyewe. MKE AMERUDI. Ilikuchukua nusu siku, na herufi R ukaigeuza nyuma mbele. Nikaiacha vivyo hivyo. Uliitazama ile kadi kama mtu aliyejifungua.

Kikohozi kilikuwapo tangu siku za mwanzo. Nisijidanganye. Ulikuwa unakohoa hata kabla sijakumwagia ndoo ya kwanza. Nilikuwa nakumwagia maji ya bomba uani, kanga ikushike mwilini, halafu unaingia ndani taratibu kwa Bwana Seifu. Ufunguo wa kamera ukiisha katikati, tunarudia. Seifu akicheka, tunarudia. Ilikuwa miezi ile ya kipupwe, asubuhi kuna kiubaridi. Siku moja ulikohoa katikati ya mwendo, ukasimama, ukaniangalia kwa kuomba radhi. Nami nikasema, "Endelea, kohoa tu, filamu haina sauti." Watu wote wakacheka, na wewe ukacheka.

Halafu ukaanza kukonda. Shoga, hili sijamwambia mtu. Kabla mama yako hajaona, kabla jirani hajaona, mimi niliona, kwa sababu nilikuwa nakutazama kwenye lile tundu la kamera, na nikisafisha filamu nakuona tena. Mashavu yaliingia ndani. Macho yakawa makubwa. Nami nilifurahi. Nilijisemea, sasa ndiyo anafanana na aliyezama. Wiki za mwisho poda nilipaka kidogo tu, na siku ya mwisho sikupaka kabisa.

Sasa cheti.

Ulikwenda zahanati peke yako, siku ya Jumatano. Ulikuja studio moja kwa moja, ukanipa kikaratasi kilichokunjwa. Ulisema, "Yule mganga hata hakuniangalia usoni, alikuwa na foleni mpaka nje. Kanipa hiki, kasema niende nacho hospitali kubwa. Umesoma Kiingereza wewe. Kinasemaje?"

Nilikisoma. Kilikuwa na mistari miwili. Kilisema mgonjwa apigwe picha ya kifua, haraka. Hilo neno la mwisho lilipigiwa mstari mara mbili.

Wakati ule tulikuwa tumebakiwa na mikebe miwili, na sehemu yako kubwa ndiyo iliyokuwa haijapigwa, ile ya kumwongoza mume nje ya mlango. Nilijua ukienda hospitali watakulaza. Nilijua kabisa, Mwajuma. Nikakunja karatasi, nikakurudishia, nikasema, "Wanataka ukapige picha ya kifua, ukipata nafasi."

Ukipata nafasi. Hayo maneno hayakuwemo. Niliyaweka mimi mahali pa lile nililoliruka.

Ukasema, "Basi tumalize kwanza kazi yetu." Nikasema, "Ndiyo, tumalize kwanza." Nami nikajiambia kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeamua.

Tulichukua wiki tano. Ungeenda na kurudi hospitali mara ngapi kwa wiki tano? Siku ile ya mwisho ulitoka mlangoni, ukageuka kumwita mume kwa mkono kama nilivyokuelekeza, kikohozi kikakushika, ukashika nguzo, ukateremka nayo mpaka chini. Nami nilikuwa bado nimebonyeza kitufe. Seifu ndiye aliyekimbia kukuinua. Mimi niliacha kubonyeza pale tu ufunguo ulipoisha wenyewe.

Wodini nilikuja kila siku, unajua. Kila siku nilikuja na maneno yangu tayari, na kila siku nikakuta unachomwa sindano au mama yako yupo au wewe unataka habari za filamu. "Imetoka vizuri?" uliniuliza. Nikasema imetoka vizuri. "Wataogopa?" Nikasema wataogopa. Daktari alimwambia mama yako koridoni, mimi nikisikia, kwamba kifua kikuu sasa kina dawa, watu wanapona, ila mngemleta mapema. Mama yako akasema, "Hatukujua, mwanangu." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama viatu vyangu.

Siku kumi na tisa tangu ulazwe, ulikuwa umezikwa.

Filamu niliifungia sandukuni miezi mingi. Ni majirani walioidai. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mwenyewe, akasema ile ni kazi ya mtaa, watu walitoa meza zao, viti vyao, na maji, wana haki ya kuiona. Basi Jumamosi moja baada ya Magharibi tukatandika mikeka uani kwenu, tukatundika shuka kwenye kamba, nikawasha projekta. Ungekuwepo, shoga! Ulipoingia mara ya kwanza unachuruzika, wanawake walipiga yowe, na mzee mmoja alitoka na kiatu kimoja. Watoto wakajificha chini ya kanga za mama zao, wakachungulia, wakajificha tena. Kadi yako ilipotokea, darasa zima la kisomo waliisoma kwa sauti, pamoja. Bwana Seifu alikuwa anawaeleza watu huyo ni yeye, kana kwamba hawamwoni.

Zena alikuwa mapajani pa bibi yake. Akauliza, "Mbona mama hasemi?" Mtu akamjibu kwamba sinema yenyewe haina sauti. Akatosheka.

Halafu ikaja ile sehemu ya nguzo. Nilikuwa na nafasi ya kuikata. Nilikuwa na mkasi, na miezi mingi. Sikuikata kwa kuwa ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na hapo ndipo unijue mimi ni mtu gani. Walikuona umeshika nguzo, kifua kinapanda na kushuka, huna sauti, unateremka. Halafu wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli kweli, na mtu akasema nyuma yangu, "Mwajuma alijua kuigiza!"

Mama yako aliinuka, akambeba Zena, akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikakaa kwenye kibao. Sikutaka kukaa muda mrefu nikatafuta tena pa kujificha, nikasema, "Mama, kile cheti cha zahanati kiliandikwa aende haraka. Mimi ndiye niliyemsomea, na neno hilo sikumsomea."

Mkono wake ulisimama.

"Ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Na ukalielewa?"

"Nililielewa, Mama."

"Ukanyamaza kwa sababu gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia mikebe miwili ilikuwa imebaki. Maneno yale yalivyotoka mdomoni yalikuwa madogo mno, Mwajuma, madogo mpaka nikatamani ningekuwa na sababu mbaya zaidi ya kumpa.

Alichambua mchele muda mrefu. Alitoa jiwe, akatoa chuya, akatoa jiwe. Kisha akasema, "Toka nje, Agnesi. Sikufukuzi. Toka tu."

Nilitoka. Wiki tatu sikupita mtaa wenu. Nilizunguka na Mtaa wa Msimbazi kama mtu anayedaiwa. Lile pande la filamu lenye nguzo nimelikata, na nimelizungushia karatasi. Sitawaonyesha watu tena, na kulichoma pia siwezi, maana ndipo ulipo mara ya mwisho ukiwa umesimama kwa miguu yako. Hilo nalo nitaamua na mama yako, siku akitaka. Sitaamua peke yangu tena mambo yako.

Juzi Bwana Seifu alikuja studio. Alisimama mlangoni hakuingia, akasema, "Mama Mwajuma kasema kesho ni hitima ya mwaka. Kasema uje na kisu, kuna vitunguu."

Nilikwenda asubuhi na mapema. Wanawake walikuwa tayari wamekaa, wakanisogezea nafasi. Mama yako aliniwekea mbele yangu beseni zima, akaenda kuangalia moto. Nilimenya vitunguu mpaka saa sita. Pale kila mtu analia, hakuna anayemuuliza mwenzake analilia nini. Walipomaliza kusoma, nilinawa mikono nikajua sasa ni wakati wa kuondoka. Mama yako akanishika mkono, si kwa upole wala si kwa ukali, akanikalisha kwenye sinia moja na yeye na Zena. "Kula," akasema. Hakusema jingine mpaka nilipoaga. Sijui kama amenisamehe. Sitamuuliza. Kumuuliza ni kumpa kazi nyingine.

Kanisani Jumapili nilikutaja kwenye sala zangu, kwa jina lako na la baba yako. Sikumwomba mtu ruhusa.

Shoga yangu, karatasi inaisha. Siombi uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Huenda ungekufa hata ungekwenda siku ileile, daktari tu ndiye anayejua, na pengine naye hajui. Lakini wiki tano zile zilikuwa zako, nami nikazichukua bila kukuambia.

Ahadi yangu ni hii. Zena atakua, atasoma, na ipo siku atauliza mama yake aliugua vipi. Majirani watamwambia ni kudra, na mimi nitaweza kunyamaza na hakuna atakayejua. Sitanyamaza. Siku hiyo nitamkalisha, nitamwambia yote kwa mdomo wangu, kuanzia ulivyocheka mlangoni na beseni la vitumbua mpaka mwisho, hata kama baada ya hapo hatataka kuniona.

Pumzika, Mwajuma. Sitakuita tena kuja kurudia.

Wako,
Agi